Kontrakta kakula pesa na kazi kaharibu? Kabla hujakimbilia polisi soma hapa (Kenya, na Bongo kidogo)

#1 bintiKisauni

Salam aleikum na habari za leo wote. Uzi huu ni mrefu kwa hivyo chukueni chai. Nauandika manake kuna kitu nilikaribia kukikosa kwa wiki tatu tu na sitaki mwenzangu akikose.

Mwaka juzi mwezi wa tatu mamangu aliamua kuongeza vyumba viwili juu ya nyumba yake hapa Kisauni, na nyumba nzima ipigwe lipu upya ndani na nje. Tukaletewa kontrakta na jirani, mtu wa maneno matamu, akaja na faili lake na cheti cha NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, inayosajili makontrakta) ndani ya plastiki, akapima, akaandika kwotesheni 640,000 vifaa na ufundi. Akasema mchanga atatumia wa mto uliochekechwa, na mabati atanunua yeye manake ana bei nzuri dukani. Tukaandikiana karatasi moja tarehe 14 mwezi wa tatu, mama akatia sahihi, yeye akatia, shahidi jirani. Tukalipa kwa M-Pesa mara nne mpaka zikafika 500,000.

Mwezi wa nane nilikwenda kulala kwa mama. Asubuhi naegemea ukuta wa chumba cha juu nasikia mgongoni kama unga. Nikageuka nikakwaruza kwa ukucha, lipu ikamwagika kama biskuti iliyoingia maji, na ndani yake kuna vipande vya makombe, vidogo vidogo vyeupe, kimoja kizima kabisa kama ukucha wa mtoto. Nikalamba kidole. Chumvi. Mchanga wa pwani ule jamani, wa bahari, tena haukuoshwa hata kwa ndoo moja. Wanaoishi huku wanajua maana yake, chumvi inavuta unyevu, ukuta hauishi kutoa weupe, na ikifika kwenye nondo inazila kutu mpaka zege linapasuka lenyewe. Mamangu ana miaka 71 na analala chini ya ile slabu.

Nikampigia simu. Akasema pole dada, nakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa Oktoba, ikawa baada ya Krismasi, na katikati hapo akaleta habari mpya kwamba vyuma vimepanda bei kwa hivyo tuongeze 300,000 ndio arudi saiti. Mabati hayajaonekana mpaka leo.

Nilikwenda polisi. Ofisa akaniambia kwa heshima tu kwamba hii ni kesi ya madai, mimi nikaona nafukuzwa nikarudi nyumbani nalia. Sasa najua kwamba nusu alikuwa sawa na nusu hakunisikiliza vizuri, ntaeleza.

Alieniokoa ni binamu yangu anaefanya kazi ofisi ya wakili mjini. Aliniuliza swali moja tu: "Mlitia sahihi lini?" Nikamwambia. Akasema basi una wiki tatu.

Ni hivi. Kenya tuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na juu yake Katiba kifungu cha 46 kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Haki hiyo haimlengi serikali peke yake, inamlenga pia mtu binafsi anaekuuzia huduma. Fundi, kontrakta, kampuni ya mjengo, wote wanauza huduma. Na ile sheria ya 2012 inasema mtu akikuingiza kwenye makubaliano kwa uongo, kwa mfano akakwambia vifaa ni vya kiwango fulani na si kweli, au ana usajili ambao hana, wewe una haki ya kuuvunja mkataba na kudai fidia juu yake. Lakini ilani ya kuuvunja lazima uitoe ndani ya MWAKA MMOJA tangu mlipokubaliana. Si tangu ulipogundua. Tangu mlipokubaliana!

Mnaona sasa "wiki ijayo dada" inavofanya kazi? Kila nakuja, kila subiri kidogo, ule mwaka unaliwa. Sijui kama yule bwana alikuwa anaijua sheria ama ni tabia tu, lakini matokeo ni yale yale.

Basi tarehe 26 mwezi wa pili tukatuma ilani kwa maandishi. Kurasa mbili. Naendelea chini manake simu inanisumbua.

#2 bintiKisauni

Naendelea. Kabla ya ilani tulifanya mambo ambayo nakuombeni muyashike.

Kwanza tuliangalia jina lake kwenye rejista ya NCA mtandaoni. Ni bure na yeyote anaweza kutafuta. Jina la kampuni halimo. Cheti alichotuonyesha kilikuwa na namba ya kampuni nyingine kabisa. Dakika tano tu, na tungezitumia mwezi wa tatu hizi zote zisingetokea.

Pili, hatukugusa ukuta. Mama alitaka kuleta fundi mwingine akwangue haraka manake aibu kwa wageni, nikamwambia hapana mama, ukikwangua umefuta ushahidi. Tukamlipa mkadiriaji majenzi (quantity surveyor) 15,000 akaja akapiga picha, akachukua vipande kwenye mifuko akaandika tarehe, akatoa ripoti kwamba lipu yote ikwanguliwe irudiwe, gharama 285,000. Slabu alisema bado ipo salama ila izuiwe maji mapema, hapo nilimshukuru Mungu.

Tatu, karatasi za simu. Meseji za WhatsApp zote nikazichapisha pamoja na steitimenti ya M-Pesa, na nikaambatanisha ile hati ya ushahidi wa elektroniki, ambayo ni karatasi unayotia sahihi wewe uliyezitoa unaeleza ni simu gani, ulizitoaje na kwamba hukuzichezea. Iko kwenye Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B. Watu wengi wanakwenda na skrinshoti tupu halafu wanashangaa zinapingwa.

Ilani yenyewe haikuwa na matusi hata moja. Ilisema tulikubaliana nini na lini, tumelipa nini, uongo ulikuwa upi (mchanga, usajili), kwamba tunauvunja mkataba kwa sheria hiyo ya 2012, na kwamba tunadai 285,000 za kurudia lipu, 48,000 za mabati tuliyolipia hayakuletwa, na 15,000 za ripoti. Jumla 348,000. Siku 14. Tukaituma kwa WhatsApp na nakala kwa mkono mbele ya shahidi.

#3 Fundi_Likoni

Pole sana dada na pole kwa mama. Mimi ni fundi miaka 19 na nakwambia anaetia mchanga wa pwani kwenye lipu anajua anachofanya, hakuna fundi asiejua, ni tofauti ya bei ya lori tu.

Lakini naomba na sisi tusikizwe. Kuna wateja wanakuandikia ramani ya vyumba viwili, katikati ya kazi mke anasema nataka choo ndani, mume anasema dirisha liwe kubwa, halafu ukiomba kuongezewa wanasema umeshasaini kwotesheni. Nimedhulumiwa mara tatu hivo. Sheria inasemaje hapo?

#4 bintiKisauni

Ahsante kaka, na swali lako ni la haki kabisa. Sheria hiyo hiyo inakulinda na wewe. Inasema ukitoa makadirio kwenye makubaliano na mtumiaji usimtoze zaidi ya asilimia 10 juu ya yale makadirio. Lakini mkikubaliana upya kwa sababu ameongeza kazi, basi hayo makubaliano mapya ndio yanahesabika na bei mpya inasimama. Kwa hivyo mama mwenye choo chake mwambie sawa, tuandike, bei ni hii, tia sahihi. Hata meseji ya WhatsApp, "nakubali 85,000 za choo", inatosha kuwa ushahidi.

Kwetu sisi hakuna kilichoongezwa. 640,000 na asilimia 10 ni 704,000, hapo ndio mwisho wake hata angemaliza kazi yote vizuri. Yeye alitaka 300,000 juu ya 640,000. Hakimu alipiga hesabu hiyo mbele yetu kwa kalamu.

#5 mwana_wa_Thika

Umesema hakimu, so ulienda korti gani? Wakili alikukata ngapi? Mimi nadai jamaa wa kuweka mabomba 190k na kila wakili ananiambia deposti 80k, sioni maana.

#6 bintiKisauni

Sikuwa na wakili. Binamu alinisaidia kuandika tu.

Nilikwenda Korti ya Madai Madogo, Small Claims wanavyoita wenyewe. Iliundwa na sheria ya 2016 na ikaanza kazi Milimani mwezi wa nne 2021, sasa iko miji mingi, hata hapa Mombasa ipo, na Thika kwenu ipo. Inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mikataba ya huduma imo. Unaweza kusimama mwenyewe, ama kutuma mtu uliemwidhinisha kwa maandishi, ama wakili ukitaka. Haifungwi na zile kanuni ngumu za ushahidi na unaweza kuzungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, mimi nilizungumza Kiswahili na mama pia alizungumza. Anaekaa mbele wanamwita adjudiketa, mimi nasema hakimu tu.

Na kubwa zaidi, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Yangu ilikuwa siku ya 57. Niliifungua kwa mtandao wa mahakama, nilipokwama nikaenda kwenye dawati la msaada pale kortini kijana mmoja akanielekeza kwa upole sana, ada nikalipa kwa simu.

Kontrakta alikwepa kupokea karatasi za korti, simu akazima. Lakini tangu kanuni zilivyobadilishwa 2020 wito wa korti unaweza kutumwa hata kwa WhatsApp kwenye namba anayoitumia, na siku aliyowasha simu tiki mbili zikaingia. Nikachapisha hiyo nayo.

Kaka yangu 190k yako isikulaze njaa. Nenda mwenyewe.

#7 MzeeWaTudor

Binti umeeleza vizuri. Mimi nilikuwa karani wa korti kwa miaka mingi nikastaafu, naongeza mawili.

Hilo la mwaka mmoja ni la kuuvunja mkataba kwa sheria ya mtumiaji. Aliechelewa asikate tamaa. Kuvunjwa kwa mkataba wa kawaida una miaka 6 ya kudai, na uzembe uliokuletea hasara miaka 3. Kwa hivyo aliekosa mlango wa kwanza bado ana mwingine, ila huo wa kwanza una nguvu zake, unakupa na nafasi ya kuomba fidia ya kumwadhibu aliekudanganya, juu ya hasara yako halisi.

La pili polisi. Wengi wanalaumu polisi kwamba hawataki kazi. Kosa la kupata mali kwa udanganyifu, Penal Code (sheria ya makosa ya jinai) kifungu cha 312 na 313, linataka uongo uwe ni juu ya jambo lililopita au lililopo. Mtu akikwambia "ntamaliza Disemba" asimalize, hiyo ni ahadi ya kesho, si kosa la jinai hata ikikuuma vipi. Lakini akikwambia "mimi NIMESAJILIWA" na hakusajiliwa, au "huu NI mchanga wa mto" na anajua si wa mto, huo ni uongo juu ya kitu kilichopo leo. Kwa hivyo ukienda kuandikisha ripoti usianze na "hakumaliza kazi", utaambiwa ni madai. Anza na cheti cha uongo.

#8 bintiKisauni

Mzee wangu Mungu akuweke. Hicho ndicho nilichokosea, nilianza na "amekula pesa yetu" nikalia, cheti nikakitaja mwisho kabisa. Niliporudi mara ya pili nikaanza na cheti nikapewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) bila maneno. Hiyo bado inaendelea kwa hivyo sitaisema zaidi.

Na NCA tuliwaandikia pia. Wao hawakurudishii pesa yako, watu wajue, kazi yao ni usajili na nidhamu. Lakini mtu anaetembea na cheti cha wenzake leo yuko kwa mamangu kesho yuko kwa mama yako.

#9 kijana_Tandale

Dada pole, huku Bongo tunafanyaje? Nimesoma nikatamani kulia, mimi nimeliwa na mkandarasi milioni 6 Mbagala, msingi tu.

#10 mpaka_kieleweke

Kijana ngoja nikujibu maana nimepitia. Kwetu ulinzi wa mlaji umo ndani ya Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na FCC (Tume ya Ushindani), humo kuna vifungu vinavyokataza kumpotosha au kumdanganya mlaji. Malalamiko unaweza kupeleka kwao. Mkandarasi naye anatakiwa awe amesajiliwa na CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) kwa sheria ya 1997, muulize daraja lake, kwa wakandarasi wa majengo kuna madaraja saba, uliza na hakikisha.

Pesa yenyewe unaidai kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na yeye kuvunja makubaliano. Ukomo ni miaka 6 vilevile. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba usiogope, mimi sikuwa na karatasi, nilikuwa na miamala ya simu na mashahidi wawili, mmoja ni mama ntilie aliyekuwa anawapikia mafundi saiti. Yule mama alikumbuka mpaka siku waliyoondoka na toroli. Mahakama ya Mwanzo kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na ukiwa na vithibitisho vyako hata huna haja ya kutetemeka.

#11 kijana_Tandale

Asante mkuu. Kesho naanza na CRB.

#12 niko_Muscat

Assalam aleikum. Mimi niko Oman mwaka wa sita, nyumba najengea Likoni kwa pesa ya kutuma, na msimamizi ni ndugu yangu wa damu. Kontrakta kanionyesha video za saiti miezi minne, kumbe saiti ya mtu mwingine. Naogopa mpaka nirudi ndio nishtaki na likizo yangu ni mwakani. Mkataba ulisainiwa mwezi wa kumi.

#13 bintiKisauni

Waaleikum salam kaka, moyo umenishtuka kusoma hapo kwenye video.

Usisubiri likizo! Mwezi wa kumi, hesabu mwenyewe mwaka wako unaisha lini. Ilani ni maandishi, unaweza kuiandika ukiwa hukohuko Muscat leo usiku ukamtumia kwa WhatsApp na barua pepe, na ubaki na ushahidi wa kutuma. Zile video usizifute, na maneno yake aliyoandika "hii ndio nyumba yako" usiyafute, huo ndio uongo wa kitu kilichopo aliousema mzee hapo juu. Kortini unaweza kumwidhinisha mtu akusimamie. Lakini nakusihi, ndugu yako wa damu mwambie kwanza akae mbali na kontrakta huyo, asipokee chochote, asisaini karatasi yoyote ya "tumeelewana". Mimi kontrakta alimfuata mama na bahasha ya 20,000 na karatasi ya kusema hatudaiani. Mama alikuwa ameshika kalamu tayari nilipoingia.

Na kama dai lako linapita milioni moja hutaingia Small Claims, itabidi korti ya hakimu mkaazi, hapo tafuta wakili.

#14 niko_Muscat

Ni 870,000. Naiandika leo. Allah akulipe dada.

#15 Fundi_Likoni

Kaka wa Muscat, Likoni ndio nyumbani, nitumie inbox mahali ilipo saiti yako ntakwenda kupiga picha Jumamosi bila malipo. Picha na tarehe.

#16 mwana_wa_Thika

Dada hujamaliza story. Ulishinda? Alilipa? Maana hukumu kwa karatasi tunazijua.

#17 bintiKisauni

Samahani nilipotea, mama hakuwa vizuri.

Nilishinda. Korti ilitupa 285,000 za lipu na 48,000 za mabati, na gharama za kesi pamoja na ripoti, na riba mpaka amalize. Ile 300,000 aliyokuwa anaidai ikatupwa. Alijitetea kwamba mama ndie aliechagua mchanga wa bei rahisi. Hakimu akamuuliza mama, "Wewe mama ulichagua mchanga?" Mama akasema, "Mwanangu, mimi niliambiwa ni wa mto. Mimi na mchanga tunajuana wapi?" Akakaa chini. Hakuna aliecheka pale ndani.

Kulipa ndio ilikuwa shughuli nyingine. Siku 30 kimya. Watu wanafikiri ukishinda unampeleka jela moja kwa moja, si hivyo, jela ya madai ipo lakini lazima kwanza aitwe ajieleze, na korti iridhike kwamba uwezo anao na hataki tu. Tukachagua dalali wa korti. Dalali akaenda kwake akaandika orodha ya vitu: pikapu, mashine ya kuchanganya zege, jenereta. Havikuchukuliwa siku ile, anapewa siku 7 za kulipa kwanza. Siku ya tano akanipigia yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Disemba, anaongea polepole, anaomba alipe 60,000 kila mwezi. Tukaandikishana kortini si nyumbani, ili akikosa mwezi mmoja dalali arudi bila kuanza upya.

Ya tatu imeingia Ijumaa iliyopita. Fundi mpya ameanza kukwangua ukuta wa chumba cha mama, upande wa dirisha kwanza. Yale makombe nimeyaweka kwenye chupa ya jemu mpaka deni liishe.

@Fundi_Likoni lori la mchanga wa mto uliochekechwa sasa hivi ni ngapi mpaka Kisauni? Na ukija naomba tuuonje pamoja kabla haujashushwa.